Mpini Ambao Kwanza ni Ala: Hotuba kwa Mafundi wa Mbao, Pembe na Mifupa

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, mafundi wenzangu, na vijana mnaojifunza kazi za mikono,

Miaka mingi iliyopita mzee mmoja wa Tanga, aliyeifanya kazi ya unyozi tangu ujana wake, aliniletea wembe wa kukunja wenye muhuri wa Sheffield, mji wa Uingereza wa wafua visu na nyembe, shingoni. Chuma chake kilikuwa kizima, hakina hata doa la kutu, lakini mpini ulikuwa umepasuka pande zote mbili. Wakati huo nilikuwa fundi wa vinyago na fremu za picha, sikuwa nimewahi kutengeneza mpini wa wembe, na kwa kuwa nilikuwa na kipande cha mpingo karakanani niliona kuwa hiyo ni kazi ya siku moja. Nikakipasua kile kipande, nikakipiga msasa hadi kikang'aa kama kioo cheusi, nikatia ribiti, yaani vipande vya waya vya kufungia vinavyotandazwa vichwa kwa nyundo, mzee akafurahi na kunilipa. Baadaye alihamia Dodoma kwa mwanawe, na kabla ya mwaka kwisha wembe ulinirudia ukiwa na pengo katikati ya makali. Ubavu mmoja wa mpini ulikuwa umejipinda kuelekea ndani, na kila mzee alipoukunja wembe wake, makali yalikuwa yakigonga mpingo. Ule mpini niliojivunia ndio ulioutia wembe pengo.

Nimeanza na aibu hiyo kwa sababu ndiyo iliyonifundisha jambo nililokuja kulisema leo. Jambia lina mpini na lina ala, na fundi wa kimoja si lazima awe fundi wa kingine. Wembe wa kukunja hauna ala nyingine zaidi ya mpini wake. Tena, mtazameni kinyozi anayeujua wembe huu anavyoushika: vidole vyake vinakamata shingo ya chuma, kidole cha mwisho kinatulia juu ya mkia mdogo uliojikunja, na mpini unabaki umesimama hewani, kazi yake ikiwa kusawazisha uzito tu. Mkono kwa hakika haushiki mpini. Atanyoa kwa dakika chache, kisha atausafisha wembe, ataukausha na kuukunja, na kwa saa zote zilizobaki za siku hiyo chuma kitalala ndani ya mpini. Kwa hiyo, ninapochagua pembe, mfupa au ubao, swali langu la kwanza ni jinsi kitu hicho kitakavyokaa na chuma chenye makali kikiwa kimelala, katika joto na unyevu wa mahali ambapo mwenye wembe anaishi. Uzuri wa rangi na michirizi nauuliza baadaye.

Niwaeleze kwanza umbo lenyewe, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Mpini wa wembe wa kukunja una vipande viwili virefu na vyembamba, ambavyo mimi huviita mbavu, kila kimoja kikiwa na urefu wa karibu sentimita 15 na unene wa milimita 2.5 hadi 3. Mwisho mmoja mbavu hizi zinaishika shingo ya wembe kwa ribiti inayopita katika tundu la chuma; hiyo ndiyo mhimili, na wembe huzunguka hapo. Mwisho wa pili hakuna chuma cha wembe, ila pana kipande kidogo kilichobanwa katikati ya mbavu na kufungwa kwa ribiti ya pili. Hicho ndicho kabari, na ningeweza kutumia muda wangu wote wa leo kukizungumzia chenyewe tu.

Anayetazama mara ya kwanza hudhani kabari ni kijazio. Ukweli ni kwamba kabari ndiyo inayoamua mahali makali yatakapolala. Mpini huu uko wazi juu na chini. Hauna sakafu ya kuuzuia wembe usipite. Kinachouzuia ni mgongo wa wembe, ambao ni mnene kuliko sehemu nyingine zote za bapa, na ambao hufika kati ya mbavu ukakamatwa kabla makali hayajatokea upande wa pili. Basi kabari huchongwa iwe nene kwenye ncha ya mpini na nyembamba kuelekea ndani, ili mbavu zikishabanwa na ribiti zielekee kukaribiana kidogo katikati na kuukamata mgongo huo kwa upole. Kabari ikizidi unene, mbavu zinaachana, mgongo haupati pa kushikwa, na makali yanachungulia upande wa pili yakisubiri kidole cha mwenyewe. Ikiwa nyembamba mno, wembe haukunjiki ukaisha. Na ikiwa upande mmoja umezidi mwingine hata kwa sehemu ndogo ya milimita, wembe utainama na makali yatasugua ubavu mmoja. Nimewahi kuchonga kabari 5 kwa wembe mmoja, na ile ya tano nayo niliipunguza kwa msasa laini huku nikiikagua mbele ya dirisha.

Katika nyembe nyingi za kale za Kiingereza kabari ilikuwa ya risasi. Risasi ni nzito, ni laini, na huchongeka bila taabu, hivyo iliwafaa mafundi waliotaka uzito kidogo upande wa nyuma. Lakini hutoa unga mweupe inapoliwa na hewa na unyevu, nayo ni sumu. Mkiikuta, msiipige msasa wala msiiyeyushe jikoni. Mimi hutumia pembe, mfupa, na mara nyingine kifuu cha nazi, ambacho kinatosha kwa kipande kidogo kama hicho na hakinigharimu kitu.

Sasa nije kwenye pembe, ambayo naipenda kuliko vyote na ambayo imenitesa kuliko vyote. Pembe ya ng'ombe ina tabaka mbili. Ndani mna kiini cha mfupa kilichoota kutoka kwenye fuvu. Nje mna ganda la keratini, kitu kilekile kilichomo katika kucha na nywele, na ndiyo maana pembe ikipata joto la msumeno karakana yote hunuka kama kichwa kilichoungua. Tunachokihitaji ni hilo ganda. Pembe mbichi ikiachwa ndani ya maji kwa siku kadhaa kiini hulegea na kuchomolewa. Ncha huwa imejaa, haina uwazi, na hufaa kwa vitu vidogo. Sehemu yenye uwazi hupasuliwa kwa urefu, na hapo ndipo linapoanza tendo lililowapa riziki wakandamizaji wa pembe wa Sheffield kwa vizazi vingi: pembe ikichemshwa, au ikitiwa katika mafuta yenye moto uliopita ule wa maji yanayochemka, hulainika kama ngozi iliyoloa, hukunjuliwa, hubanwa kati ya mabamba mawili ya chuma na kuachwa hadi ipoe kabisa. Ikitoka imenyooka. Wenzetu wale waliendelea mbele zaidi, wakaikandamiza katika kalibu za chuma zenye maua na mapambo, wakapata mbavu zilizokamilika kwa mkandamizo mmoja.

Lakini pembe haisahau umbo lake. Ubavu ulionyooshwa leo, ukipata unyevu na joto la kutosha, utajaribu kurudi ulikotoka. Siwezi kuuzuia kabisa, ila naweza kuchagua utakapoelekea: uso uliokuwa nje ya pembe ninauacha nje ya mpini, ili ubavu ukikumbuka mviringo wake ubenuke kwenda nje, mbali na makali. Baada ya kuzinyoosha, nazibana mbavu katika jiriwa au kati ya mbao mbili kwa majuma kadhaa kabla ya kutoboa tundu lolote. Kijana asiyeweza kusubiri majuma hayo namshauri aanze na ubao uliokwisha kukauka.

Ng'ombe wetu wengi wa kienyeji wana pembe fupi, na si rahisi kupata kipande kilichonyooka cha sentimita 15 bila kukiunganisha. Walio karibu na Kagera, Uganda, Rwanda na Burundi wana bahati ya ng'ombe wa Ankole, wenye pembe ndefu na pana zinazotoa mbavu mbili kutoka ubao mmoja, michirizi ya kahawia na maziwa ikifuatana upande huu na huu. Pembe ya nyati wa porini iacheni. Nchini Tanzania nyara za wanyamapori zinasimamiwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kipande cha nyati kisicho na hati kinaweza kumtia fundi mashakani kama mwindaji haramu. Pembe nyeusi ya nyati inayouzwa kwa mafundi wa Ulaya hutoka kwa nyati wafugwao wa Asia, ambao si wa jamii moja na nyati wa mbuga zetu.

Kuna tahadhari mbili kuhusu pembe ambazo wauzaji hawazisemi. Ya kwanza ni wadudu: viluwiluwi vya mbawakawa wadogo wanaokula manyoya na ngozi hula pembe pia, na huacha vishimo kama vya sindano nene. Kisanduku chenye kafuri husaidia, na mafuta kidogo ya kwato mara kwa mara huifanya pembe isikauke ikapasuka kwa matabaka. Ya pili ni kubwa zaidi. Vimelea vya kimeta huweza kuishi muda mrefu katika pembe, mifupa na ngozi za mnyama aliyekufa kwa ugonjwa huo, na vumbi lake likivutwa linaweza kuua. Chukueni pembe na mifupa kutoka machinjio yanayokaguliwa na daktari wa mifugo, si kutoka kwa mzoga ulioonekana porini, na vaeni barakoa mkatapo.

Mfupa nitausemea kwa ufupi, kwa kuwa tabia yake ni nyepesi kuielewa. Mfupa wa mguu wa ng'ombe una ukuta mnene na ulionyooka, na ndio unaofaa. Mafundi wa vito kule Kibera, Nairobi, wamewaonyesha wateja wao kwamba taka za machinjio zinaweza kuwa kitu cha kuvaliwa shingoni. Shida ya mfupa ni mafuta. Asiyeyaondoa atapata mpini wa manjano wenye harufu, unaotoa jasho siku ya joto. Chemsheni kwa moto mdogo pamoja na sabuni, bila kuuacha ukatokota kwa nguvu, kisha uloweke katika maji ya sabuni mkiyabadilisha hadi yasitoe tena utando wa mafuta. Kuung'arisha, tumieni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa madukani mwa dawa. Dawa ya klorini ya kufulia inaula mfupa kutoka ndani, na baada ya muda utavunjika kama chaki. Mfupa ukikauka vizuri hautembei sana kama ubao, na kwa ajili ya kulala na chuma nauhesabu kuwa mwema. Ubaya wake ni kwamba hauna mnyumbuko mwingi. Ubavu wa mfupa uliopunguzwa chini ya milimita 2 hupasuka kwenye tundu la ribiti kabla hujamaliza kulaani.

Mtaona katika mfupa nukta na vistari vidogo vyeusi; ni njia zilizopitisha damu. Ni alama yenye faida, kwa kuwa ndiyo inayoutofautisha na pembe ya ndovu, ambayo haina nukta hizo, bali katika mkato wake wa kukingama huonyesha mistari inayopishana kama wavu. Nalitaja hili kwa sababu wapo watakaowaletea nyembe za kale wakiwaomba mziongezee "kipande kinachofanana". Historia yetu imo humo. Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kuu la pembe za ndovu la Afrika Mashariki. Zilibebwa mabegani na wapagazi kutoka bara hadi Bagamoyo, zikavuka bahari, na watengenezaji wa visu na nyembe wa Sheffield walikuwa miongoni mwa waliozihitaji. Wembe mweupe wa ndovu uliomo katika makumbusho ya Ulaya huenda ulianza safari yake mabegani mwa mtu wa huku kwetu. Mwaka 1989 nchi zilizo katika CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilikubaliana kuipiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizolipendekeza hilo, na mwaka huohuo Kenya iliteketeza tani 12 hadharani. Gamba la kasa aitwaye ng'amba, lililopambia nyembe za matajiri, nalo limefungiwa mlango huohuo tangu miaka ya 1970. Mteja akiniletea vitu hivyo namrudishia, hata akisema ni vya babu yake.

Narudi kwenye mpingo na ile aibu ya Tanga. Kosa langu halikuwa kuuchagua mpingo. Ni mti mzito unaozama majini, wenye nyuzi zilizoshikana kiasi cha kufanyiwa zumari za Ulaya, na ukikauka sawasawa huishi na chuma vizuri kuliko miti mingi. Kosa lilikuwa kutumia ubao ambao haujakauka, uliotolewa kwenye unyevu wa pwani ukapelekwa kwenye ukavu wa Dodoma, tena ukiwa umepasuliwa bila kutazama mkao wa pete zake. Ubao wa milimita 3 hauna mwili wa kupingana na hali ya hewa. Siku hizi mpingo wangu nautia nta kwenye vichwa ili usipasuke, nauacha miaka, nauchana vipande vinene, nauacha tena miezi, na mwishowe nachana mbavu ili pete za mti zisimame wima katika unene wa ubavu. Mbavu zote mbili hutoka katika kipande kimoja, ili zikijipinda angalau zijipinde kwa tabia moja.

Jihadharini pia na mpingo wa uongo. Ubao mweupe uliopakwa rangi ya viatu unauzwa kando ya barabara mchana kweupe. Kwarueni kidogo kwa kisu mahali pasipoonekana. Mpingo ni mweusi au wa kahawia iliyokoza hadi ndani. Na uwe wenye karatasi: kibali cha uvunaji hutolewa na Wakala wa Huduma za Misitu, na tangu Januari 2017 jamii yote ya mti huu imo katika orodha ya pili ya CITES, ya vitu vinavyovuka mipaka kwa kibali. Bidhaa zilizokamilika zenye mti usiozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja zilipewa nafuu mwaka 2019, lakini kila nchi ina masharti yake, na ulizeni kabla ya kufunga bahasha ya kwenda Ulaya. Wapo wanakijiji wa Kilwa waliopata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kuwa msitu unavunwa kwa uangalifu, kwa misitu yao ya asili mwaka 2009. Mpingo wa namna hiyo naununua kwa moyo mweupe hata ukizidi bei.

Mtu ataniuliza, kwa nini taabu yote hii wakati plastiki ipo? Mojawapo ya plastiki za mwanzo kupewa kazi hii ilikuwa seluloidi, ambayo ndugu wawili wa Marekani, akina Hyatt, waliipatia hataza mwaka 1870, nayo iliigiza pembe, ndovu na ng'amba kwa ustadi wa kushangaza. Lakini seluloidi inapozeeka huoza taratibu na kutoa mvuke wa tindikali, na mvuke huo ukifungiwa pamoja na chuma huula. Nimefungua nyembe ambazo mpini wake unaonekana mzuri kabisa, kumbe makali yote yaliyolala ndani yamekuwa mashimo ya kutu, na shingo iliyokuwa nje ni safi. Mkiukuta mpini wa namna hiyo unanuka kafuri kali au siki, utenganisheni na chuma siku hiyohiyo.

Kuhusu kufunga, nitasema machache yanayovunja kazi za wanafunzi wangu. Mpini wa zamani unapotolewa, kichwa cha ribiti husagwa kwa tupa na ribiti husukumwa polepole. Makali yafungwe kwa utepe kabla ya yote, na chuma kisipashwe moto, kwa maana ugumu wake hupotea kabla hujaona rangi kubadilika vizuri. Mbavu mbili ziunganishwe kwa gundi ya muda na kutobolewa pamoja, drili ikiwa imesimama wima kabisa. Tundu lililolala kidogo litaulaza wembe wote. Ribiti ni waya wa shaba ya njano wa milimita 1.6, ukiwa na washa ndogo nje ya kila ubavu. Waya ukatwe ukibaki nusu ya unene wake juu ya washa, kisha nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo iguse kingo zake kwa vipigo vyepesi vingi, wembe ukigeuzwa upande huu na huu, hadi kichwa kitande kama uyoga. Anayepiga kwa nguvu ataukunja waya ndani ya tundu, na pembe itapasuka mbele ya macho yake.

Jambo moja halitawafurahisha wanaotaka kuwauzia vinyozi. Wembe wa kinyozi hupita kwenye ngozi za watu wengi, na vifaa vyake inapasa viuawe vijidudu kwa mvuke wa nyuzi 121 au kwa dawa kali. Pembe katika joto hilo italainika na kujikunja, ubao utavimba, na mfupa utapauka. Kwa kinyozi wa dukani unafaa wembe wa kubadilisha bapa baada ya kila mteja. Mipini yetu ni ya mtu anayejinyoa mwenyewe nyumbani kwa wembe wake mmoja, na methali yetu inasema kinyozi hajinyoi, kwa hiyo msitarajie wateja wenu wengi wawe vinyozi.

Wembe wa yule mzee nilimtengenezea tena. Niliunoa upya hadi pengo likaisha, ukapungua upana kidogo, nikaufanyia mpini wa pembe ya Ankole na kabari ya mfupa, na kabla ya kumpelekea niliuacha kabatini kipindi cha masika chote na kiangazi kilichofuata, nikiukunja kila mwisho wa mwezi na kuuinua kwenye mwanga kutazama kama nafasi ya kushoto na ya kulia ya makali bado ni sawa. Tangu hapo sijautoa mpini wowote bila kuupitisha misimu miwili. Huu niliokuja nao ulifungwa ribiti mwaka jana na bado sijauuza. Nitaupitisha kwenu sasa hivi. Uinueni mbele ya dirisha mtazame ule mwanga mwembamba pande zote mbili za makali, na tafadhali atakayeufungua aushike shingoni, asiuchomoe kwa kidole kutoka chini.